Unga Kwenye Mizani ya Watoto

Katika nyumba ile ya wapangaji, siku ilianza kwa ndoo. Zikishapangwa bombani, maneno nayo yalianza. Nani katangulia, nani kasogeza ndoo ya mwenzake, nani kaamka na kisirani. Msusi hakuwa mtu wa kugombana. Alichota maji yake mapema, akafagia kibaraza, akatandika mkeka, akaweka kiti kifupi na bakuli la vitana. Jua likianza kupasha bati, tayari alikuwa na kichwa cha mtu mikononi.

Wote walimwita Msusi, hata watoto wa chumba cha pili. Jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo wake ulikuwa mzito. Ndiyo maana wanawake walipenda kukaa chini yake wakatoa ya moyoni. Neno likiingia sikioni mwa Msusi, lilikaa huko huko.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya barabara, ubavuni mwa duka la unga wa ruzuku. Duka hilo liliendeshwa na kaka yake mkubwa, shemeji yake Msusi. Serikali ilimpa kazi ya uwakala. Kila mwezi lori lilileta unga, na kila familia yenye kadi ilinunua mfuko mmoja wa kilo kumi kwa nusu ya bei. Nusu nyingine ililipwa na serikali. Hiyo ndiyo ruzuku. Ilikusudiwa watu kama wale wa nyumba ile: wafua nguo, wabeba mizigo, walinzi, na wazee wasio na wa kuwatunza.

Shemeji alikuwa mtu wa watu. Alicheka kwa sauti kubwa, alijua jina la kila mteja, na msibani alifika wa kwanza. Watu walimpenda. Msusi pia alimpenda. Yeye ndiye aliyemlea mume wake baada ya baba yao kufariki.

Asubuhi moja, siku iliyofuata ile ya kugawa unga, aliyekaa kwenye kiti kifupi alikuwa Mama Pacha. Alikuwa mfua nguo, mwembamba, mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni. Pacha wake wawili, wote wa kike, walilala kwenye mkeka. Hawakucheza wala hawakulia. Walitazama tu.

"Mbona mabinti wametulia hivi?" Msusi aliuliza.

"Wamekuwa wapole siku hizi," Mama Pacha alijibu. "Mungu kanionea huruma."

Kabla Msusi hajasema kitu, mlango wa uani ulifunguliwa. Aliingia mhudumu wa afya wa mtaa, mkoba begani. Watoto walimwita Dada Mizani, kwa sababu kila mwezi alikuja na mizani ya kuning'inia. Aliifunga kwenye boriti ya kibaraza, akaning'iniza mbeleko ya kitambaa, kisha akapima watoto mmoja mmoja. Waliopiga mateke aliwatania. Waliolia aliwaimbia.

Alipowapima pacha, hakutania wala hakuimba.

"Mama Pacha, watoto wamepungua. Mwezi uliopita walipungua kidogo. Sasa wamepungua zaidi. Waliharisha? Walipata homa?"

"Hapana."

"Wanakula nini?"

"Uji. Unga ule wa ruzuku." Mama Pacha aliinamisha kichwa, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. "Ila unaisha mapema. Mwezi ukifika katikati naanza kuuzimua. Naongeza maji. Mwishoni wanakunywa maji meupe tu."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi, mama yangu na hawa wawili."

Msusi aliacha kusuka. "Sisi tuko watano," alisema polepole. "Na unatufikisha mwisho wa mwezi."

"Basi labda mimi sijui kupima," Mama Pacha alisema kwa aibu.

Dada Mizani aliitazama mizani yake. Kisha akamtazama Mama Pacha. "Mfuko wa mwezi huu umeufungua?"

"Bado. Nimeuchukua jana."

"Nenda kaulete. Na wewe, Msusi, lete wako."

Mfuko wa Mama Pacha uliwekwa kwenye mbeleko kama mtoto. Wanawake waliokuwa uani walisogea. "Mmh, huyu kafanana na baba yake!" mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Halii hata kidogo, kalelewa vizuri!"

Kicheko kilikatika Dada Mizani aliposoma mshale. "Kilo sita."

"Lakini umeandikwa kumi," Mama Pacha alisema.

"Umeandikwa kumi. Una sita."

Uliwekwa mfuko wa Msusi. Mshale ulikwenda moja kwa moja hadi kumi. Wanawake wengine walikimbilia vyumbani mwao, wakarudi na mifuko yao. Yote ilikuwa pungufu. Mshale ulifika kumi kwa mfuko mmoja tu pale uani.

 Kisha mama wa chumba cha mwisho, ambaye hakuwahi kuficha neno, alisema, "Ukiwa ndugu wa mwenye duka, hulali na njaa."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Wallahi sikujua," alisema. 

Aliinama kuuchukua mfuko wake, na hapo ndipo alipoona. Mdomo wa mfuko wake ulikuwa umeshonwa na mashine ya kiwandani, uzi mweupe mwembamba, mstari ulionyooka. Midomo ya mifuko mingine ilikuwa imeshonwa kwa mkono. Uzi ulikuwa mnene, umepakwa nta. Mshono ulikuwa mfupi, umebanwa, na mwishoni ulikuwa na fundo mara mbili. Mshono huo Msusi aliujua. Ulikuwa kwenye viatu vya watoto wake. Ulikuwa kwenye mkoba wake wa sokoni. Alimwacha Mama Pacha na kichwa nusu, akatoka uani.

*

Alimkuta mumewe kibandani, kiatu kimebanwa katikati ya magoti, misumari midomoni.

"Baba watoto, toa hiyo misumari. Nataka kukuuliza kitu, na nataka jibu lililonyooka."

Fundi aliitema misumari kiganjani. Alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kuacha kichwa cha mteja nusu na kuja barabarani.

"Wewe ndiye unayeshona mifuko ya unga ya kaka yako?"

Fundi aliangalia kiatu. "Kaka aliniambia mifuko inapasuka njiani, kwenye lori. Aliniomba niizibe."

"Inapasuka yote? Na yote inapasuka mdomoni?"

Alikipindua kiatu, akakipindua tena.

"Hukumuuliza?"

"Ningemuuliza nini, mke wangu? Yule ni kaka. Nyundo hii alininunulia yeye. Kibanda hiki alinijengea yeye. Akisema imepasuka, mimi nasema imepasuka." Alifuta jasho kwa mkono. "Nilifumba macho. Ndiyo ukweli wenyewe."

"Pacha wa jirani wanakunywa maji meupe," Msusi alisema. "Leo tumewapima."

Fundi aliuweka chini ule uzi wake uliopakwa nta kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Sishoni tena," alisema.

Msusi hakuenda nyumbani. Aliingia dukani. Shemeji alikuwa nyuma ya meza, mikono myeupe kwa unga, anatabasamu.

"Karibu, shemeji! Leo umeniletea bahati gani?"

Msusi alimweleza alichokiona, bila kupandisha sauti. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. Tabasamu halikumtoka, ila lilipoa.

"Shemeji, wewe ni mtu mzima," alisema. "Unadhani mzigo unafika hapa kwa upendo? Dereva anataka ashikwe mkono. Bwana wa ofisi ya ruzuku naye anataka chake. Nikigoma, mwezi ujao lori linapeleka unga kwa mwingine. Nifanye nini?"

"Wanaokulazimisha utoe chochote, washtaki. Na unga unaopungua unakwenda wapi?"

"Aah, mambo ya biashara hayo."

"Unauzwa, siyo? Kwa bei kamili."

Shemeji alishusha pumzi. "Sikiliza. Mfuko wako uko kamili au hauko kamili? Nani kauacha kamili? Mimi. Mwezi ujao chukua miwili. Watoto wale washibe."

"Kwa hiyo cha watoto wangu ukitoe kwenye vinywa vya pacha?"

"Usinitolee maneno makali ndani ya duka langu." Sasa tabasamu lilikuwa limetoweka. Aliegemea meza, akasema kwa sauti ya chini, "Na ukienda kusema, kaa ukijua utakachosema. Wakiuliza nani kashona, utamtaja nani?"

Msusi alitoka. Jua lilikuwa kali, barabara imejaa watu, lakini yeye hakuona mtu. Alijiona kama mtu aliyefungwa kamba na wale anaowapenda.

*

Kesho yake alimfuata Dada Mizani kwenye zahanati. Alimkuta anapanga chupa za dawa kabatini. Msusi alimweleza kila kitu, hata lile la mumewe. Hilo lilimtoka kwa shida.

Dada Mizani alivuta viti viwili. "Asante kwa kuniamini. Kwanza ondoa wazo kwamba unga ule ni sadaka. Watu wengi wanafikiri hivyo. Wanasema, hata nikipunguziwa, si nimepewa? Hujapewa. Wewe umelipa nusu. Nusu nyingine imelipwa na kodi, na kodi unalipa hata wewe, kila ununuapo sabuni. Anayepunguza mfuko ameiba kwako na ameiba kwa wote."

"Sasa tumfanyeje? Kuna vijana wanataka wakavunje duka."

"Wakatazeni! Wakivunja duka, wao ndio watakuwa wahalifu, na yeye atakuwa mtu wa kuhurumiwa. Isitoshe, unga wenyewe utapotea. Mnunuzi ana haki ya kupimiwa mfuko wake kabla ya kuondoka dukani. Wakala anatakiwa kuweka ubao mlangoni, unaoonyesha bei na uzito. Umewahi kuuona ubao huo?"

"Kuna ubao. Umegeuzwa, wanawekea sabuni."

Dada Mizani alicheka kidogo, kisha akaendelea. "Nendeni kulalamika, lakini msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja ni rahisi kumtisha. Bebeni mifuko ambayo haijafunguliwa. Kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake, asitie chumvi. Mkifika ofisini, msikubali kuambiwa 'tumesikia.' Ombeni namba ya malalamiko. Ukiwa na namba, huwezi kuambiwa hukuja. Na mkiombwa chai, msitoe. Mkitoa, mmejiunga nao."

"Na mume wangu?"

Dada Mizani alisogeza kiti karibu. "Sitakudanganya. Anaweza kuulizwa maswali magumu. Lakini aliyetumiwa akaja mwenyewe kusema ukweli hatazamwi sawa na yule anayekutwa amejificha. Uamuzi ni wake. Usimburute. Mwambie tu, asichelewe."

Jioni Msusi alimweleza mumewe. Fundi alitikisa kichwa. "Kwenda kumchongea kaka yangu? Mama atanilaani. Nimekwambia sishoni tena. Inatosha."

Msusi aliona haitoshi. Lakini hakumburuta.

*

Walikwenda wanawake saba, kila mmoja na mfuko kichwani. Mama Pacha alikuwa mbele. Dada Mizani aliwasindikiza. Karani wa ofisi ya ruzuku aliwatazama kama watu waliokosea njia.

"Mkubwa ana kazi nyingi," alisema. "Lakini mambo yanaweza kwenda haraka, mkinichangamsha kidogo."

"Tukuchangamshe na nini, baba?" Mama Pacha aliuliza. "Tuna unga pungufu tu. Hata uji hautoshi."

Wanawake walicheka. Karani hakucheka.

"Tunaomba namba ya malalamiko," Msusi alisema.

"Namba ya nini? Nimeshasikia."

"Hatukuja kusikiwa tu. Tumekuja kuandikishwa."

Dada Mizani alitoa kalamu. "Na tunaomba jina lako, ili tukiulizwa nani alitupokea, tuseme vizuri." Ghafla karani akapata nafasi. Aliandika malalamiko, akagonga muhuri, akawapa namba. Mama Pacha aliifunga kwenye pindo la kanga yake, akapiga fundo.

Baada ya muda alikuja mkaguzi kutoka idara ya vipimo, mwanamke mrefu mwenye miwani. Alikuja na mizani kubwa. Msusi na wenzake walisimama barabarani. Mkaguzi alipima mifuko yote iliyokuwa dukani. Ubao ulikuwa umegeuzwa upande wake, umefutwa vumbi. Shemeji alimfungulia mlango, akambebea mifuko, akamchekesha.

Mkaguzi alitoka nje. "Mifuko niliyoikuta iko kamili," alisema. "Malalamiko yenu hayajafungwa, lakini leo sijaona kosa."

Shemeji alisimama mlangoni, akawapungia mkono wanawake kama bwana harusi.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Wateja wa Msusi walianza kupungua. Wengine walipita mbele yake na vichwa vyao kwenda kusukwa mtaa wa pili. Mama mkwe wake, aliyeishi kwa Shemeji, alikuja hadi kibarazani bila kukaa.

"Niliozesha mwanangu nikadhani nimepata binti," alisema. "Kumbe nimeingiza moto nyumbani."

"Mama, unga unapungua. Nimeona mwenyewe."

"Umeona, umeona! Mkaguzi mwenye miwani hakuona, wewe umeona!"

Msusi alimsindikiza mpaka mlangoni, kwa adabu zote. Kisha aliingia chumbani, akalia. Alipomaliza, alinawa uso, akarudi kwenye kiti kifupi. Mama Pacha alikuwa amekaa hapo, anamsubiri.

"Nisuke," Mama Pacha alisema. "Kichwa changu hakiendi mtaa wa pili. Na ile namba bado ninayo. Tutarudi."

"Tutarudi," Msusi alisema.

*

Siku ya mzigo ilifika tena. Lori lilishusha unga, likaondoka. Duka likafungwa. Mlangoni kulitundikwa kibao: "Tunahesabu mzigo." Kila mwezi ilikuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini kuhesabu mifuko kunahitaji mlango ufungwe.

Mchana, Msusi alimwona mumewe anaingia uani, anatembea kama mtu aliyepigwa. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga.

"Ulisema hutashona tena," Msusi alisema.

"Aliniita. Alisema ukaguzi umepita, mambo yametulia. Nilishindwa kusema hapana. Nimekaa, nimeshona." Fundi alikaa chini kwenye mkeka. "Halafu akanirushia mfuko mmoja. Akasema, 'Huo ni wako, ushone vizuri. Nimeupunguza mwenyewe. Mkeo atajifunza adabu.' Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimeshachoma sindano, mke wangu. Nashona njaa ya watoto wangu kwa mkono wangu. Ndipo nikafikiria yote niliyoshona kabla ya huo. Ile nayo ilikuwa ya watoto."

Msusi hakumwambia, nilikwambia. Alimshika bega.

"Nimeiacha sindano kwenye mfuko, nikatoka," Fundi aliendelea. "Sasa hivi kaka yupo ndani. Mifuko imefunguliwa, beseni liko katikati. Unga anaoupunguza unachukuliwa na gari la mwokaji mikate, kwa mlango wa nyuma, kabla jua halijazama. Twende kwa yule mkaguzi. Twende sasa hivi, kabla moyo haujanigeuka."

Walichukua pikipiki. Mama Pacha alifungua pindo la kanga, akawapa namba ya malalamiko. Hawakupita ofisi ya ruzuku. Walikwenda moja kwa moja idara ya vipimo.

Mkaguzi aliwatambua. Alisikiliza bila kukatiza. Fundi alisema yote, hata yale yaliyomchafua mwenyewe. Alisema kwa miezi mingapi alishona, na alisema kwamba hakuuliza kwa sababu hakutaka kujua.

"Utayasema haya tena mbele ya polisi?" mkaguzi aliuliza.

"Nitayasema."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta. "Safari ile tulipeleka barua kwanza ofisi ya ruzuku, kuwaarifu tunakuja. Barua ilifika, na mtu akaipeleka dukani kabla yangu. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile." Alisimama, akachukua funguo za gari. "Leo hatuandiki barua."

Walipofika, mkaguzi alikuwa na askari wawili. Alipita mlango wa nyuma. Haukuwa umefungwa, kwa sababu gari la mwokaji lilitarajiwa. Ndani, vumbi la unga lilikuwa limejaa hewani. Mifuko iliyofunguliwa ilipangwa ukutani. Katikati kulikuwa na beseni kubwa, limefurika. Na kwenye kigoda, miguu imetandazwa, alikaa Shemeji. Alikuwa ameishika ile sindano kubwa ya mdogo wake, anajaribu kushona mwenyewe. Mshono ulikwenda kombo kama njia ya mlevi, na kidole chake kimoja kilikuwa kinatoka damu.

Hakukimbia. Aliwatazama askari, akamtazama mkaguzi. Kisha alimwona mdogo wake mlangoni.

"Wewe?" alisema. "Damu yangu?"

Fundi hakurudi nyuma. "Kaka, ulinilea kwa jasho lako. Sijasahau, na sitasahau. Ndiyo maana nilikufanyia kazi bila kuuliza. Lakini unga huu siyo jasho lako. Huu ni wa watu."

Shemeji aliiweka sindano chini. Nje, watu walikuwa wameanza kukusanyika. Baadhi ya vijana walipiga kelele wakitaka atolewe wamshughulikie. Msusi alipanda juu ya ngazi ya duka. Mdomo wake mzito siku hiyo ulifunguka.

"Hakuna atakayemgusa!" alisema kwa nguvu. "Tumekuja kwa sheria, tutaondoka kwa sheria. Mwenye ushahidi, aje atoe jina lake kwa mkaguzi. Asiye nao, asogee, apishe gari."

Watu wakapisha.

*

Mambo hayakwisha siku moja. Shemeji alifikishwa mahakamani. Alipoona hana pa kutokea, aliwataja wote alioshirikiana nao. Bwana wa ofisi ya ruzuku aliyekuwa akipokea chake, na aliyepeleka habari ya barua, alisimamishwa kazi na kushtakiwa. Mwokaji mikate naye aliitwa. Shemeji alinyang'anywa uwakala. Mahakama ilimwamuru alipe alichochukua, kidogo kidogo, na kwa muda mrefu afanye kazi za umma bila malipo. Alipangiwa kufagia soko.

Fundi alihojiwa mara nyingi. Kila mara alisema yale yale, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alionywa vikali, akaachiwa. Kwa wiki nyingi mama yake hakumsemesha. Hilo lilimuuma kuliko onyo.

Duka lilipata wakala mpya, lakini safari hii watu hawakumwachia wakala kila kitu. Dada Mizani aliwaeleza kwamba wanaruhusiwa kuchagua kamati ya wanunuzi. Kazi ya kamati ni kuwepo lori linaposhusha mzigo, kuona mifuko ikipimwa, na kupokea malalamiko. Walimchagua Mama Pacha. Walimchagua mzee mmoja mlinzi. Kisha wakamtaja Msusi.

"Mimi hapana," Msusi alisema. "Mnasahau mume wangu ndiye aliyeshona?"

Mama wa chumba cha mwisho alisimama. Ni yule yule aliyesema lile neno siku ya mizani. "Hatujasahau," alisema. "Na hatujasahau nani alipoteza wateja kwa ajili ya mifuko yetu. Kaa hapo, usituchoshe." Watu walicheka, na Msusi akakaa hapo.

Mizani ilitundikwa mlangoni mwa duka, mahali ambapo kila mtu aliweza kuuona mshale. Ubao uliandikwa kwa herufi kubwa: bei, uzito, na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Hakuna mfuko uliotoka bila kupimwa, na mifuko ya wana kamati ilipimwa kama ya watu wengine.

Pacha wa Mama Pacha waliacha upole wao. Walianza kutambaa, kisha kusimama, kisha kuvuta vitana vya Msusi na kuvitupa kwenye ndoo za watu. Dada Mizani alipowapima, walimpiga mateke. Alifurahi hadi akasahau kuwaimbia.

Siku moja ya kugawa unga, ilikuwa zamu ya Msusi kusimama kwenye mizani. Foleni ilikuwa ndefu, lakini ilikwenda. Aliweka mfuko, akasoma kwa sauti, akatoa, akaweka mwingine. Aliponyanyua macho, aliyekuwa mbele yake alikuwa Shemeji.

Alikuwa amekonda. Ufagio wa soko aliuegemeza ukutani. Mkononi alishika kadi ya ruzuku ya mama yake. Watu waliokuwa nyuma yake walinyoosha shingo. Walitaka kuona.

"Nimetumwa na mama," Shemeji alisema. Hakumtazama usoni.

"Karibu, shemeji," Msusi alisema.

Aliuchukua mfuko, akautundika. Mshale ulicheza, ukapanda, ukatulia. Msusi hakuuharakisha. Alisubiri hadi ukasimama kabisa, kama alivyofanya kwa kila mtu.

"Tazama mwenyewe," alimwambia.

Shemeji alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kumi," alisema.

"Kumi kamili. Msalimie mama."

Shemeji aliubeba mfuko begani, akachukua ufagio wake. Alipiga hatua kadhaa, kisha akageuka. Mara hii alimtazama machoni.

"Nitamwambia nimepimiwa," alisema.

Msusi aliitikia kwa kichwa. Kisha alimwita anayefuata, akanyoosha mikono kupokea mfuko.